Punguza Moto

Chumba alicholala mzee kilikuwa pia ofisi ya mkwewe. Mkwe alikuwa mchora ramani za majengo, na kompyuta yake ya kazi, sanduku zito jeusi, ilikaa chini ya meza, karibu kabisa na mto wa mzee. Mchana mkwe alichora. Usiku aliiacha mashine ikimalizia yenyewe picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, na feni ikavuma mpaka asubuhi, ikimpulizia mzee usoni hewa iliyochemka. Mzee hakulalamika. Tangu ahamie pale alikuwa amejifunza kukaa kama kiti cha ziada, kile kinachosogezwa kila watu wanapotaka kupita.

Maisha yake yote alikuwa fundi umeme wa majumbani. Alivuta nyaya kwenye dari za watu, akaweka taa kwenye sebule ambazo hakuwahi kukaribishwa kuketi, mpaka siku alipoteleza juu ya paa na mguu wake wa kulia ukaungwa vibaya. Baada ya hapo yeye na ngazi wakaachana. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kati ya ndugu alibakiwa na dada mmoja tu, nje kabisa ya mji, mwanamke mwenye ulimi wa wembe ambaye alishasema wazi kwamba nyumba yake si ghala la majeruhi. Kwa hiyo binti yake wa pekee akamchukua.

Wiki iliyotangulia alikuwa ametengeneza swichi ya jikoni bila kuombwa. Nyaya mbili zikagusana, umeme ukazima nyumba nzima wakati wenyewe wametoka, na nyama yote iliyokuwa kwenye friji ikaoza. Jioni ile, kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba, alimsikia mkwe akisema chumbani kwao, bila hasira, kama mtu anayepanga safari: "Basi. Akiharibu kitu kingine, anakwenda kwa shangazi yako. Sitasema tena." Mzee alisubiri asikie binti yake anajibu nini. Hakusikia kitu.

Ndiyo maana alikuwa ameyashikilia masomo ya jioni kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoshikilia kamba. Masomo ya kompyuta yalifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wakibana magoti kwenye madawati ya watoto. Wenzake walimwita Babu Volti, kwa sababu kila kilichofundishwa alikirudisha kwenye umeme. Mwalimu, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinashauriana kama ziote au zisiote, alilipokea jina hilo kwa furaha. "Babu Volti, leo una swali au una shoti?" Darasa lilicheka, na mzee alicheka nao. Kila alipopiga magoti alimwomba Mungu jambo moja tu: ndani ya nyumba ile kiwepo kitu, hata kidogo, ambacho bila yeye kisingefanyika.

Somo la karibuni zaidi lilihusu mashine zinazochemka. Mwalimu alieleza prosesa ni nini, ule ubongo mdogo wa kompyuta unaofanya hesabu zote. Akaonyesha jinsi ya kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio kabla mashine haijaamka, mahali panaposomeka joto lake na volti zake. Kisha, huku akikusanya vitu vyake aondoke, akasema: "Ikichemka sana msiwe na wasiwasi. Punguza moto, basi."

Darasa zima lilielewa kitu kimoja na mzee akaelewa kingine. Kwa mafundi umeme wa rika lake, moto si joto. Moto ni umeme wenyewe. Kuna waya wa moto na waya usio na moto. Ukimwambia msaidizi "hapo pana moto," anarudisha mkono haraka. Taa zikififia jioni, wanasema moto umepungua. Mwalimu alitaka mashine ipoozwe, itolewe vumbi, feni izunguke vizuri. Mzee alisikia: shusha volti.

Asubuhi iliyofuata, jua likianza kuchungulia, alisali, akamshukuru Mungu kwa kumwamsha, kisha akavuta kiti. Picha za usiku zilikuwa zimekamilika. Aliizima mashine, akaiwasha huku akigonga kile kitufe walichofundishwa, na ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Volti za prosesa zilikuwa pale, zimeandikwa wazi. Alizishusha. Hakuzishusha kidogo kidogo kama mtu anayeonja chumvi. Alizishusha kwa ukarimu, maana joto lilikuwa jingi. Akilini alimwona mkwe akiingia, akisikiliza, akiuliza mbona leo mashine imetulia. Alijiona akijibu, "Ni jambo dogo tu, baba." Mashine iliuliza kama ihifadhi mabadiliko. Akamtaja Mungu, akabonyeza ndiyo.

Skrini ikawa nyeusi. Taa ya mbele iliwaka, feni ikaanza kuzunguka, ikasita, ikazima. Ikaanza tena. Ikazima. Ilikuwa kama mtu anayeshtuliwa usingizini, anainua kichwa, anakirudisha kwenye mto.

Binti yake aliingia na kikombe cha chai, mkono mwingine umeshika kiuno. Mimba yake ilikuwa kubwa sasa na alitembea akiegemea nyuma.

"Baba, mbona umekaa sakafuni?"

"Nimeigusa mashine, mama."

"Umeigusaje?"

"Nimeipunguzia moto, isichemke. Sasa haiamki."

Binti aliweka kikombe mezani polepole sana. "Leo? Siku anayokuja mteja wa ghorofa?"

"Nilitaka kusaidia."

"Najua. Hata swichi ulitaka kusaidia." Alifunga mlango, akashusha sauti. "Sikiliza. Umeme ulikatika. Umesikia? Ulikatika, ukarudi, mashine ikafa. Umeme unakatika kila nyumba, hakuna atakayeuliza."

"Haukukatika."

"Baba, sikuulizi kama ulikatika. Nakwambia useme ulikatika."

"Nimetoka kusali sasa hivi, mama. Hata magoti hayajaacha kuuma. Nitasemaje uongo na dua bado iko mdomoni?"

"Basi hiyo dua utaenda kuimalizia kwa shangazi."

Mlango ulifunguliwa. Mkwe alisimama pale na fulana ya ndani, taulo shingoni, povu la dawa ya meno pembeni mwa mdomo. Aliiangalia mashine ikishtuka na kulala, ikishtuka na kulala.

"Umeme umekatika?" aliuliza.

Binti alimwangalia baba yake. Mzee aliinamisha kichwa.

"Haukukatika, baba," alisema. "Ni mimi. Niliingia kwenye mipangilio, nikashusha volti za prosesa, nipunguze moto."

Mkwe alijifuta mdomo. Hakupaza sauti, hakuwahi kumpazia sauti mzee hata siku moja, na watu wa mtaani walimsifu kwa hilo. "Mzee wangu," alisema. "Baba yangu wewe. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Hakuna. Maana ningemjua ningempa zawadi." Alivuta kiti, akakaa mbele ya skrini nyeusi. "Mteja anakuja saa nane. Ghorofa lake liko humo ndani. Siku zote naweka nakala pembeni, isipokuwa kazi ya jana, kwa sababu jana nilisema nitaweka asubuhi. Na leo ni siku ya mapumziko, mafundi wote wamefunga. Kwa hiyo tuseme wewe ndiye fundi wangu. Niambie, fundi. Tunaanzia wapi?"

Mzee alifungua mdomo.

"Nilikuwa nakutania," mkwe alisema. "Kaa pale."

Akaanza mwenyewe. Alikagua kebo ya skrini, akaichomoa, akaleta nyingine. Hakuna. Akahamishia mashine kwenye soketi ya ukuta wa pili. Hakuna. Akalaza sanduku, akafungua ubavu wake kwa bisibisi, akatoa vile vibao vyembamba vya memori, akavifuta kwa pindo la fulana, akavirudisha mpaka vikalia kwa kubana. Mashine ikashtuka, ikalala. Kila iliposhindwa, mkwe alimgeukia mzee na kutabasamu, kana kwamba wawili hao walikuwa wanatazama mpira na timu ya mzee ndiyo iliyofungwa.

"Nipe simu yako," alisema mwishowe. "Nimpigie huyo anayekufundisha."

Aliweka simu mezani, sauti wazi, ili wote wasikie.

"Mwalimu, habari za asubuhi. Mimi ni mkwe wa mwanafunzi wako. Mwenye simu hii."

"Babu Volti!" Simu ilianza kucheka kabla ya kusikia kisa. "Kafanya nini tena?"

"Kashusha volti za prosesa."

"Ngoja. Ngoja kwanza. Kashusha?"

"Kashusha. Mashine inawaka, inazima, inawaka, inazima. Skrini haionyeshi kitu."

"Babu, uko hapo?"

"Nipo, mwalimu," mzee alisema.

"Nilisema nini darasani?"

"Ulisema ikichemka, punguza moto."

"Na moto ni nini, babu?"

"Moto ni umeme, mwalimu. Kuna waya wa moto na..."

Kicheko kilijaa chumba chote. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akaomba radhi, akacheka tena. Mkwe naye alianza kucheka, mwanzoni puani, kisha kwa mabega. Binti alitazama dirishani.

"Babu, umemshindisha mtu njaa halafu unamwambia abebe gunia," mwalimu alisema alipopata pumzi. "Ataamkaje? Haya, kaka, sikiliza. Haijafa. Imeshikilia tu maagizo mabovu iliyopewa. Kwenye ubao mkuu kuna betri ya duara, kama sarafu. Zima umeme, itoe, subiri kidogo, irudishe. Itasahau kila alichoiambia babu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Mungu angetuwekea na sisi betri kama hiyo," mkwe alisema, na wote wawili wakacheka upya, kama marafiki wa siku nyingi.

"Na babu mshikishe tochi tu. Kesho kisa hiki nakipeleka darasani. Babu, utasimama mbele utusimulie mwenyewe, sawa?"

"Sawa, mwalimu," mzee alisema.

Mkwe aliibonyeza mashine kitufe cha mbele mpaka ikanyamaza. "Umeme umezimwa," alisema. Alimpa mzee tochi. "Mulika hapa. Mzee wangu, tochi tu. Mikono yako leo naiogopa kuliko nyoka."

Mzee alipiga goti moja, ule mguu mbovu akaunyoosha pembeni, akamulika. Betri ilikuwa imejificha chini ya kadi kubwa ya picha. Mkwe aling'oa kadi kwa taabu, akaangusha skrubu, akalaani, akaiokota. Mzee alikuwa akiangalia kitu kingine. Pembeni mwa ubao, kitaa kidogo cha kijani kilikuwa kinawaka. Kebo ya nyuma ilikuwa bado iko ukutani.

"Baba," alisema kwa upole, "humo bado pana moto."

Mkwe alisimamisha bisibisi hewani. "Neno hilo, mzee wangu, leo tulipumzishe."

"Nasema kebo ya ukutani, baba. Kitufe hakikati..."

"Tochi."

"Haitasahau ikiwa bado..."

"Mzee. Tochi."

Mzee akamulika. Mkwe alitoa betri, akaiweka kiganjani, akasubiri huku akipuliza vumbi, akairudisha. Akapachika kadi. Akabonyeza. Mashine ikashtuka, ikalala.

Alirudia yote tangu mwanzo, safari hii bila mzaha, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Ikashtuka, ikalala. Alitupa bisibisi mezani, akatoka uani kumpigia mteja. Kupitia dirishani walisikia sauti yake ikiwa laini ghafla, sauti ambayo mzee hakuwahi kuisikia: "Kesho tu, bosi wangu. Kesho asubuhi na mapema." Kisha: "Hapana, hapana, usiende kwa mwingine. Njoo tu. Njoo saa nane."

Mzee alimfuata binti yake jikoni. Binti alikuwa amesimama mbele ya sinki bila kuosha kitu.

"Mama, mwambie achomoe kebo ukutani. Akizima kwa kitufe, ubao bado unakula umeme, hauwezi kusahau. Achomoe, kisha ashike kitufe cha kuwashia ikiwa imechomolewa hivyo hivyo, uishe uliobaki ndani. Ndipo atoe betri."

"Si umwambie."

"Nimemwambia mara mbili. Ameniambia tochi."

"Na mimi ataniambia nini?"

"Wewe atakusikiliza."

Alimtazama baba yake kwa muda, mtazamo ambao mzee hakuuelewa. Kisha akafuta mikono iliyokuwa mikavu, akachukua simu yake mezani, akaenda ofisini. Mzee alibaki mlangoni.

Mkwe alikuwa amerudi, amekaa sakafuni, kichwa mikononi.

"Nimetafuta mtandaoni," binti alisema, macho kwenye simu. "Kuna mtu ilimtokea hivi hivi. Wanasema kitufe hakitoshi. Wanasema uchomoe kabisa ukutani."

"Wanasema?"

"Halafu ushike kitufe cha kuwashia, umeme uliobaki uishe. Ndipo utoe betri."

Mzee, kutoka pale mlangoni, aliiona simu ya binti yake. Skrini yake ilikuwa imezima.

Mkwe alichomoa kebo. Alishika kitufe. Kile kitaa cha kijani kilififia, kikafa. Alitoa betri, na mzee akafumba macho. Hakuomba mashine iamke kwa ajili ya ghorofa la yule bosi wala kwa ajili ya mkwe. Aliomba kitanda kile kwenye kona ile, na mtoto atakayezaliwa amkute babu yake ndani ya nyumba. Alipofumbua macho betri ilikuwa imerudi na mkwe alikuwa anabonyeza.

Feni ikazunguka, haikusita. Skrini ikapata mwanga. Mashine ikasema kwa maandishi kwamba mipangilio yake imepotea na kwamba itaanza na ile ya kiwandani, na baada ya muda picha ya ghorofa ikajitokeza, nyeupe, na miti ya kuchora mbele yake.

Mkwe akamvuta mkewe kwa mkono, akaweka shavu kwenye tumbo lake. "Umesikia, mwanangu? Mama yako ndiye fundi. Mimi sikuoa mke, nilioa akili." Akamwangalia mzee juu ya tumbo lile. "Unaona, mzee wangu? Kuna watu wanauliza kabla ya kugusa."

"Naona, baba," mzee alisema.

Alisubiri kidogo binti yake aseme. Binti aliweka simu mfukoni, akasema anakwenda kupika.

Si neno, mzee alijiambia. Mashine imeamka. Sifa ni za Mungu, na Mungu anajua. Alikwenda kukaa uani, kwenye kivuli cha ukuta, kama mkwe alivyomwagiza, ili mteja asikute watu wengi.

Mteja alikuja na viatu vinavyolia. Kupitia dirishani mzee alisikia mazungumzo ya ngazi, ya maegesho, ya madirisha ya upande wa jua. Alisikia mteja akisifu. Kisha akasikia jina lake lile la darasani, na kicheko.

"Mzee," mkwe aliita. "Njoo kidogo."

Aliingia. Mteja alikuwa mtu mnene mwenye uso wa furaha, amekaa kwenye kitanda cha mzee.

"Mweleze bosi moto ni nini."

Mzee aliwatazama wote wawili. Binti yake alisimama mlangoni na sinia la vinywaji.

"Kwetu mafundi umeme," mzee alianza, "moto ni umeme. Sasa mwalimu aliposema punguza moto..."

"Akashusha volti!" mkwe alimalizia, akipiga meza. "Mashine ikakataa hata kufumbua jicho."

Mteja alijishika tumbo. "Mzee, usije kwangu. Nitakwambia punguza sauti ya redio, utaikata waya."

"Mwambie na ile ya friji," mkwe alisema.

Mzee alimwambia na ile ya friji. Alisimulia vizuri, akiigiza hata uso aliokuwa nao alipofungua friji na harufu ikamkumba. Alijifanya mjinga zaidi kuliko alivyokuwa, kwa kuwa aliona kila wanapocheka mkwe anazidi kulainika, na kama bei ya kitanda ilikuwa hiyo, aliweza kuilipa. Mteja aliweka saini yake akiwa bado anafuta machozi.

Mkwe alipomsindikiza mteja kwenye gari lake, alipita kwa mzee, akampiga bega. "Yamekwisha, mzee wangu. Mtu anayenichekeshea mteja mpaka akaweka saini, nitamwacha aende wapi? Ila mashine uisikie tu, usiishike." Akatoka, akiendelea kucheka barabarani.

Mzee alikaa kitandani. Shuka lilikuwa bado lina joto la yule mteja. Alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kwa kila kitu, hata kwa kicheko. Alikuwa bado anashukuru binti yake alipoingia na begi la mzee, lile alilohamia nalo, akalifungua kitandani na kuanza kutia mashati.

"Mama, mumeo amesema yamekwisha."

"Kwake yamekwisha."

"Sijaelewa."

Alikunja shati, akalibonyeza chini. "Basi la kwenda kwa shangazi linaondoka saa kumi na moja. Nimeshampigia. Amelalamika, lakini amesema uje."

"Kwa nini? Mashine imeamka. Ni mimi niliye..."

"Ni wewe uliyeiamsha. Najua. Nilikuwepo." Hakuinua macho. "Asubuhi nilikuomba neno moja tu, baba. Umeme ulikatika. Ukakataa, dua bado iko mdomoni. Sawa. Nikasema baba yangu ni mtu safi, haya. Kisha ukanifuata jikoni."

"Nilikuambia umweleze achomoe kebo. Sikukutuma udanganye."

"Ulidhani ningemwambiaje? Baba amesema? Ungeshikishwa tochi tena mpaka saa nane." Alichukua suruali. "Ulijua nitadanganya. Ulisimama pale mlangoni, ukaniona nimeshika simu iliyozima, ukafumba macho ukasali. Wewe umebaki safi. Mimi ndiye niliyechafuka, na sasa ananisifu kwa akili ambayo si yangu, na kila akinisifu nitakuona umekaa pale kwenye kona, unajua."

"Sitasema kamwe."

"Hilo ndilo linalonichosha. Hutasema. Utakaa tu. Kila kikombe ukiletewa utashukuru, kila ukichekwa utacheka, na mimi nitakuwa katikati, nikisema uongo upande huu na kuomba msamaha upande ule. Sina nguvu hiyo. Natarajia mtoto. Chumba nakihitaji, na hata nisingekihitaji, ungeondoka tu." Alifunga zipu. Ilikwama, akaivuta tena. "Yeye akirudi nitamwambia umeamua mwenyewe, umemkumbuka dada yako. Usinipinge. Huhitaji kudanganya, baba. Nyamaza tu. Kunyamaza unakujua."

Mzee alitafuta viatu vyake kwa miguu, chini ya kitanda. Alivivaa polepole, ule wa mguu mbovu mwisho.

"Na darasa langu?" aliuliza.

"Huko hakuna darasa."

Alitikisa kichwa kukubali. Binti alilisogeza begi mpaka mlangoni, akarudi, akasimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa na hofu.

"Baba, usiondoke hivi. Nipe radhi zako. Nakaribia kujifungua, siwezi kuingia leba na kinyongo chako juu yangu."

"Sina kinyongo, mama."

"Sema basi. Niwekee mkono."

Aliinama kwa shida, mkono kiunoni, akamwekea kichwa mbele ya magoti yake kama alivyofanya alipokuwa mtoto na homa. Mzee aliweka kiganja juu ya nywele zake. Alimwomba Mungu amfungulie njia salama, amjalie mtoto mwenye afya, amlinde na kila lenye madhara, awape yeye na mumewe masikilizano. Alikuwa hajafika nusu ya dua, simu ilipoita mfukoni mwa binti.

"Ni mwenye bodaboda," alisema, akiinuka. "Amefika. Ahsante, baba."

Akatoka na begi, simu sikioni, akimwelekeza mtu geti lilipo. Mzee alibaki ameketi, mkono umenyooka mahali kichwa kilipokuwa, akaendelea kuomba mpaka akafika mwisho.